Kilimia juu ya Cape Town

Kuna swali ambalo hurudi kila mwaka katika oditwari zetu, hasa wakati wa kutetea kazi za mwisho wa masomo: je, lugha zetu zinaweza kubeba sayansi? Mmoja husema zinaweza, mwingine husema haziwezi, wa tatu hutaja orodha ya istilahi iliyotungwa Dar es Salaam, ambayo hajapata kuisikia kinywani mwa mtu yeyote hapa Lubumbashi. Kisha profesa hutazama saa, na swali hulala mpaka mwaka unaofuata.

Januari iliyopita swali hilo lilinikuta mahali ambapo sikulitazamia. Nilikuwa Cape Town, gizani, chini ya kuba la kituo cha kutazamia nyota, nimesimama kati ya mama mdogo wangu na darubini yenye urefu wa karibu mita saba. Mwongozaji alikuwa anaeleza kwa Kiingereza. Mama mdogo alinivuta mkono wa shati, akasema: « Unielezee basi. Anasema nini? » Usiku ule hapakuwa na profesa wa kutazama saa. Ilibidi nijibu.

Naomba kwanza niwajulishe watu hawa. Mama mdogo, mdogo wake mama yangu, ameishi Cape Town miaka kumi na mitatu. Anasuka nywele. Kiingereza chake ni cha kazi: bei, rangi, urefu wa rasta, kwaheri. Mwanawe, ambaye kwa desturi yetu ni mdogo wangu, ana miaka tisa na alizaliwa huko. Anaelewa Kiswahili cha mama yake, lakini humjibu kwa Kiingereza. Shuleni anajifunza pia Kixhosa. Halafu yuko Nkambo, mama wa mama zetu, hapa Lubumbashi, amepita miaka themanini, hana Kiingereza wala Kixhosa. Kila Jumapili simu hupigwa. Nkambo husalimu kwa urefu, mtoto hucheka, husema neno moja au mawili, kisha humrudishia mama yake simu. Kwa miaka mingi nilikuwa upande wa Nkambo wa simu hiyo, nikimwona anavyoitazama ikishazimwa. Mwaka huu niliiona kutoka upande wa pili, na siwezi kusema ni upande gani unaouma zaidi.

Safari ya kwenda kuona nyota aliitaka mtoto. Mwalimu wake alikuwa amewaambia kwamba kituo hicho hufungua milango kwa watu wote usiku fulani wa Jumamosi. Mama mdogo alishangaa: « Kulipa franga juu ya kuona nyota? Kwetu nyota iko bule! » Alikuwa na haki. Hapa kwetu umeme ukikatika mtaa mzima hupata mbingu kamili bila tiketi, na watu hutoa viti nje. Cape Town taa ni nyingi mno, na anayetaka nyota lazima apelekwe mahali, aonyeshwe kwa mkono. Lakini mtoto alikuwa amekwisha kuvaa viatu.

Kituo chenyewe kilianzishwa na Waingereza mwaka 1820, zamani za meli za matanga, ili manahodha wapate saa sahihi na nyota zilizopimwa vizuri za kuwaongoza baharini. Kitongoji kizima kilichokizunguka kimechukua jina lake, kinaitwa Observatory. Hapo ndipo Mskoti Thomas Henderson, mwaka 1832 na 1833, alipochukua vipimo vilivyoonyesha umbali wa Alpha Centauri, jirani wa jua letu, ingawa alichelewa kuvitangaza na sifa ya kuwa wa kwanza ikamwendea mwingine. Leo ni makao makuu ya taasisi ya taifa ya falaki ya Afrika Kusini, lakini kazi kubwa za utafiti zimehamia Sutherland, mji mdogo wa bara ulio umbali wa kilomita 370 hivi, kwenye baridi na giza la kweli. Huko kuna darubini kubwa iitwayo SALT, iliyozinduliwa mwaka 2005, yenye kioo kilichoungwa kwa vipande 91. Darubini za zamani zilizobaki mjini sasa ni za kuwaonyesha watu kama sisi.

Tulifika saa mbili usiku. Nasema usiku kwa sababu Kiswahili kinanilazimisha, maana jua lilikuwa ndiyo kwanza linagusa mlima. Huko kusini Januari mchana ni mrefu. Saa yetu ya Kiswahili ilizaliwa karibu na ikweta, ambako jua ni mtumishi mwaminifu: saa kumi na mbili linakuja, saa kumi na mbili linaondoka. Ukilibeba neno « saa mbili usiku » mpaka digrii 34 za kusini, unakuta usiku wenyewe haujafika. Nilimwambia mama mdogo jambo hilo, akacheka, akasema ndiyo maana watu wa huko hawajui saa ya kula.

Kwanza tulikaa ukumbini kusikiliza maelezo, kisha giza lilipoingia tukapelekwa kwenye kuba la darubini iitwayo McClean, kwa jina la aliyeitoa zawadi mwishoni mwa karne ya 19. Lenzi yake ina upana wa sentimita 61. Kitu kilichomfurahisha mtoto kupita vyote ni sakafu: inapanda na kushuka kwa nguvu ya maji, ili jicho la mtazamaji lifikie mwisho wa darubini popote inapoelekea. Kuba lilipofunguka lilitoa mlio kama wa lori linaloshuka mlima. Upepo wa baharini ukaingia, na ukanda mmoja wa mbingu ukaonekana.

Mwongozaji alielekeza darubini kwenye Jupiter. Kwa hapo kazi yangu ilikuwa nyepesi. Kiswahili kinayo majina ya sayari zinazoonekana kwa macho tangu zamani: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Yametoka Kiarabu, yameingia kwa mlango wa pwani pamoja na mabaharia na vitabu. Nikasema: « Hii inaitwa Mshtarii. » Mama mdogo akaweka jicho, akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema: « Iko na batoto ine pembeni. » Alikuwa ameiona miezi minne ya Mshtarii, ile ile ambayo Galileo aliiona mwaka 1610. Nilikuwa nimetayarisha kichwani neno la kitaalamu la kutafsiri kile ambacho mwongozaji angekisema. Halikuhitajika. Mwanamke aliyekuja kwa mashaka alitazama mara moja, akapata neno lake, na neno hilo lilieleza sawasawa uhusiano wa vitu vile: kikubwa kimoja, vidogo vinne vinavyokizunguka, visivyokiacha.

Ugumu ulianza nje, kwenye majani, ambako mwongozaji wa pili, msichana wa umri wangu hivi, alikuwa akionyesha nyota kwa taa ya kijani inayofika kama mshale mpaka mawinguni. Alianza kutaja umbali. Alisema miaka ya nuru. Nilitafsiri neno kwa neno, na mama mdogo akaelewa kama vile mtu yeyote angeelewa: kwamba nyota ile ina umri wa miaka kadhaa. Neno lilikuwa sahihi, limo kwenye kamusi, na halikufika.

Basi nikamuuliza: « Mama, kutoka Lubumbashi mpaka hapa ni mwendo gani? » Akajibu bila kufikiri: « Siku tano, kama basi haikuharibika. » Anaifahamu njia hiyo kwa mwili: Kasumbalesa, Lusaka, mpaka wa Zimbabwe, Beitbridge, Johannesburg, halafu jangwa la Karoo usiku. Hakusema kilomita. Hakuna mtu wa kwetu anayesema kilomita akielezea njia hiyo. Tunasema mwendo wa siku. Nikamwambia: « Nyota hii iko mwendo wa miaka, ukipanda nuru kama vile unapanda basi. » Akasema: « Na nuru haiharibike njiani? » Nikamwambia haiharibiki, na haisimami mpakani. Akaitikia kwa kichwa, akatazama juu tena, na safari hii niliona kwamba anatazama mbali.

Nimelifikiria sana jambo hilo tangu siku ile. Kupima umbali kwa muda, ambako wanafunzi wa fizikia huona kama wazo geni, ni desturi ya kila mama anayeuza vitenge kati ya Katanga na Afrika Kusini. « Mwaka wa nuru » ni tafsiri. « Mwendo wa mwaka mmoja wa nuru » ni Kiswahili. Tofauti ni neno moja tu, lakini neno hilo ndilo lililobeba mzigo.

Kisha taa ya kijani ikageukia kaskazini, ikazungusha kijifungu kidogo cha nyota zilizobanana, si juu sana. Msichana alieleza hadithi ya Wayunani: mabinti saba, dada wa tumbo moja, waliopandishwa mbinguni. Kifaransa nacho huziita kwa wingi, « les Pléiades », nasi tulizisoma hivyo shuleni. Nilikuwa bado natafuta namna ya kuwatafsiri mabinti wa Wayunani, mama mdogo akanikata: « Hii? Hii njo Kilimia. » Alilisema kama mtu anayemtambua jirani wa zamani sokoni, mji wa ugenini. Nkambo alikuwa akiwaonyesha walipokuwa watoto. Tangu afike Cape Town hakuwahi kulitamka, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Nililirudia neno hilo kwa sauti ili msichana alisikie. Aliyelidaka ni mtoto. Akasema: « isiLimela! » Akaanza kuimba miezi ya mwaka kwa Kixhosa, kama walivyofundishwa darasani, akafika Juni: EyeSilimela. Alikuwa amekariri jina la mwezi huo bila kujua kwamba kuna kitu mbinguni kinachoitwa hivyo. Msichana, ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kixhosa, akaanza kucheka kwa furaha. Akatueleza kwamba isiLimela ni hizo hizo nyota. Kwamba hupotea kwa muda, halafu Juni huonekana tena alfajiri, na hapo watu walijua kwamba wakati wa kutayarisha mashamba unakuja. Na kwamba mwanaume wa Kixhosa huhesabu miaka yake ya utu uzima, tangu alipotoka jandoni, kwa isiLimela ngapi zimepita.

Mama mdogo aliniuliza anasema nini. Nikamwambia: « Anasema Kilimia. »

Wasomaji wa jarida hili watanivumilia nikitoa ubao kidogo. Kilimia: ki-lim-i-a. Kiambishi cha ngeli ya saba, mzizi wa kulima, kinyambuzi cha kutendea. isiLimela: isi-lim-el-a, ngeli ile ile, mzizi ule ule, kinyambuzi kile kile. Kisotho husema selemela, na mpangilio ni huo huo. Hiyo l ambayo Kixhosa kinayo na Kiswahili hakina, sisi tumeipoteza njiani, ila haikufa: angalia kaa na kalia, vaa na valia. Imejificha, mzizi ukikosa konsonanti ya mwisho inatokeza kichwa. Kwa hiyo hatuna haja ya kudhani kwamba mmoja alimwazima mwenzake. Ni urithi. Watu waliokuwa na neno hilo waligawanyika, wengine wakaelekea mashariki, wengine kusini, kila kundi likabeba jembe lake na neno lake.

Tazama pia ngeli yenyewe. Wayunani waliona watu saba, wakasimulia juu ya ukoo wao. Wahenga wetu waliona kitu kimoja, wakakiweka pamoja na kisu, kikapu na kinu: chombo cha kufanyia kazi, kitu ambacho kwacho unalima. Wazee wa pwani wanayo methali: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Ni kalenda nzima katika sentensi moja, yenye usawa ambao mtoto hawezi kuusahau. Na kila nchi imekifunga Kilimia kwenye mvua yake. Wakati Waxhosa wanakisubiri alfajiri ya Juni, Nkambo, aliyekulia karibu na Kalemie, anakumbuka kikichomoza upande wa mashariki giza linapoingia, Novemba, mvua ikiwa imeanza na kila mtu ameshika jembe. Neno ni moja, saa zake mbili, kwa sababu mashamba ni mawili.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya wakulima, na sayansi ni jambo lingine. Kwa hao ninayo hadithi ya Mfaransa. Mwaka 1751 mtaalamu wa nyota Nicolas-Louis de Lacaille alifika Cape Town, akakaa mpaka 1753 akizipima nyota za kusini, maelfu kwa maelfu. Alipokuta sehemu za mbingu ambazo Ulaya haikuwa na majina yake, alitunga makundi ya nyota 14. Aliyaitaje? Alichukua vyombo vya karakana na maabara za zamani zake: darubini, hadubini, tanuru, saa ya timazi, pampu ya hewa, bikari, patasi ya mchongaji. Moja aliliita kwa jina la Mlima wa Meza, uliokuwa mbele ya macho yake kila siku. Majina hayo yameandikwa kwa Kilatini, yanatumika mpaka leo duniani kote, na hakuna anayeyacheka. Lacaille aliandika mbinguni vyombo vya kazi yake. Wahenga wetu waliandika chao. Tofauti ni kwamba chake kilipata ramani, na chetu kilibaki kinywani.

Usiku ule msichana alisema jambo moja zaidi ambalo nililitafsiri polepole, nikilisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza. Nuru ya Kilimia tuliyokuwa tunaiona ilianza safari yake miaka 440 hivi iliyopita. Mama mdogo akahesabu: ni kabla ya bibi wa bibi wa bibi yake. Mimi nilikuwa nahesabu kitu kingine. Lugha zilizozaa Kiswahili na Kixhosa zilitengana zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na neno hilo lilikuwapo kabla hazijatengana. Maana yake nuru iliyoingia jichoni mwetu pale kwenye majani ni changa kuliko neno tulilokuwa tunaiita. Ilipoondoka huko juu, huku chini watu walikuwa wamekwisha kusema kilimia kwa karne nyingi.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, siku ya simu. Nkambo alisalimu kama kawaida. Mtoto alichukua simu, na kabla hajacheka akasema, pole pole, kwa lafudhi yake: « Nkambo, niliona Kilimia. » Upande wa pili kukawa kimya. Nilidhani mtandao umekatika. Kisha sauti ikaja: « Uliiona wapi? Iko juu ao chini? » Mtoto alinitazama, nikakaa kimya. Akajibu: « Chini. » Nkambo akasema: « Huku kwetu iko juu. » Ni kweli: kutoka Cape Town Kilimia huonekana chini upande wa kaskazini, na kadiri unavyopanda kuelekea ikweta nacho kinapanda. Bibi na mjukuu walikuwa wamepima umbo la dunia kwa maneno mawili, juu na chini, na wala hawakuhitaji mkalimani.

Nkambo akaahidi kutoka nje usiku ule kutazama. Lakini Januari ni moyo wa masika hapa kwetu, na mawingu yalifunika Lubumbashi Jumapili nzima, na Jumatatu, na Jumanne. Jumatano usiku simu ya mama mdogo ililia. Umeme ulikuwa umekatika kule nyumbani, mbingu imetakata, na Nkambo alikuwa amekaa uani. Hakumtaka binti yake. Alisema: « Mupe mutoto. » Kwa kuwa saa ya Cape Town na ya Lubumbashi ni moja, walitoka wote wawili, kila mmoja uwanjani kwake, wakazungumza karibu dakika kumi. Sikusikia yote. Nilisikia mtoto akihesabu nyota kwa Kiswahili, akifika tano, akianza upya.

Sitaki kudanganya mtu kwamba neno moja limeponya kila kitu. Mtoto bado anajibu kwa Kiingereza. Lakini sasa kuna kitu ambacho yeye na Nkambo wanakijua wote wawili, na kila mmoja anaweza kumwambia mwenzake habari zake.

Kabla ya kurudi, nilitembea kwa miguu mpaka Mowbray, kitongoji kinachopakana na Observatory. Mwanafunzi yeyote wa idara yetu ana sababu ya kwenda. Hapo ndipo alipoishi Wilhelm Bleek, yule Mjerumani aliyelitumia neno Bantu kuitaja familia ya lugha zetu katika sarufi linganishi yake ya mwaka 1862. Tunalisoma jina lake mwaka wa kwanza, tunapita. Ambalo wengi wetu hatusomi ni kwamba kuanzia mwaka 1870 alitumia miaka yake ya mwisho kuandika lugha nyingine kabisa, ya Wasan walioitwa /Xam, kutoka kwa watu waliokuwa wamefungwa gerezani Cape Town. Alifanya kazi hiyo pamoja na shemeji yake Lucy Lloyd. Alikufa mwaka 1875. Lloyd aliendelea, na mwaka 1911 alichapisha kitabu. Madaftari yao yana zaidi ya kurasa 12,000.

Katika kurasa hizo nyota ni nyingi. Msichana mmoja wa zamani za kale alichota majivu ya moto wake, akayarusha juu, yakawa ule mkanda mweupe unaokatiza mbingu, ili watu wanaorudi nyumbani usiku wapate mwanga wa njia. Na kuna nyota moja kubwa, !Gaunu, ambayo kwa wimbo wake ndiyo iliyozipa nyota nyingine majina. Nimesoma nadharia nyingi juu ya asili ya majina. Sijakutana na nyingine ambayo mtoa majina ni nyota yenyewe.

Leo hakuna mtu anayezaliwa katika lugha ya /Xam. Wasemaji wake waliuawa, wakafukuzwa, wakafanywa vibarua kwenye mashamba ya walowezi, na watoto wao wakapewa lugha nyingine. Mwaka 2000 Afrika Kusini iliichagua lugha hiyo kuandikia kaulimbiu ya taifa. Iko kwenye nembo ya nchi, na nembo iko kwenye sarafu: nilikuwa nayo mfukoni nikienda Mowbray. Lugha inaweza kuandikwa kurasa elfu kumi na mbili, ikawekwa kwenye fedha, na bado isiwe na bibi wa kuipigia simu usiku wa Jumatano.

Kwa hiyo narudi kwenye swali letu la oditwari nikiwa na mashaka juu ya namna tunavyoliuliza. Tunauliza kama lugha zetu zina maneno ya kutosha, kana kwamba neno ni gunia na sayansi ni mahindi. Usiku ule, kila neno nililolihitaji lilipatikana: mengine yalitoka pwani na Kiarabu chake, mengine kwenye njia ya basi, mengine kinywani mwa mama ambaye hakumaliza shule ya sekondari. Kilichokosekana miaka kumi na mitatu ni nafasi ya kuyasema. Mama mdogo alikuwa na Kilimia muda wote huo, na hapakuwa na usiku hata mmoja, wala mtu hata mmoja, wa kumfanya alitamke. Istilahi nazo ni kazi nzuri, na sisi tutazihitaji. Lakini istilahi isiyo na mtoto anayeuliza « ile njo nini? » itakaa kwenye orodha yake kama sarafu niliyokuwa nayo mfukoni.

Tangu nirudi nimebadilisha mada ya kazi yangu. Nakusanya majina ya nyota, ya upepo na ya majira kutoka kwa wazee wa mitaa yetu, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine wanazozijua. Nimegundua kwamba mchana hawanipi kitu. Mchana nyota ni somo, nao hunijibu kama mtu anayejibu mtihani, wengine wakitafuta neno la Kifaransa ili kunifurahisha. Umeme ukikatika, viti vikitoka nje, ninapata zaidi kwa saa moja kuliko kwa wiki nzima. Nimejiwekea pia kanuni moja ya kazi: neno ninalopewa, kabla ya kuliandika, namwambia mtoto yeyote aliye karibu, nikimwonyesha kwa kidole. Daftari linaweza kusubiri mpaka asubuhi.

Ndugu zangu wa kitivo, mnaosafiri likizo kwenda Kamina, Kalemie, Kasenga, Kolwezi, ulizeni. Wakati wenyewe ni mzuri. Kilimia kitaonekana jioni mpaka mwezi wa nne, kikishuka kila siku upande wa kaskazini-magharibi. Mei jua litakificha. Juni kitatoka tena alfajiri, mashariki, kabla majogoo hawajanyamaza.